Aliyefuta Picha za Saturne

Masika binti yangu,

Umetoka na mama yako kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mmesema mtarudi saa mbili. Nina saa moja na nusu basi. Nimekaa kwenye meza ya kulia, taa ya betri iko mbele yangu, na begi lako limesimama karibu na mlango, limeshafungwa. Kesho alfajiri bus ya Kampala itakuchukua, mtapita Rutshuru, mtasimamishwa kwenye vizuizi ambavyo hakuna mtu anayejua idadi yake, na mimi nitabaki hapa Katoyi na simu mkononi. Mambo ya safari mama yako amekwisha kukuambia, tena mara mbili: karatasi zikae wapi, usile nini njiani, ukifika umpigie nani. Sitayarudia. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba miaka mitatu.

Naanza mbali kidogo kwa sababu naogopa kulifikia.

Unakumbuka ile darubini ilivyoingia nyumbani. Yule mhandisi mgeni aliyekuwa akija studio kwangu Ndosho kupiga picha za passeport aliitwa arudi kwao haraka, akaniletea kartoni kwenye moto, pikipiki ya kukodi, akasema, "Wewe ni mtu wa picha, hii utajua cha kuifanyia." Sikujua. Iliketi kwenye kona ya studio wiki nzima, wateja wakiuliza kama ni bomba la maji. Wewe ndiye uliyesoma kile kitabu chake kidogo mpaka mwisho, halafu ukaniambia, "Papa, tunaweza kuweka kamera badala ya jicho."

Nikacheka. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili katika kazi ya picha. Nilidhani najua kila kitu kuhusu mwanga.

Kamera yenyewe ilikuwa webcam, ile kamera ndogo ya kompyuta, tuliyopewa cyber moja ilipofunga. Ukaifungua kwa bisibisi ya miwani, ukatoa lenzi yake, ikabaki ile chipu tupu inayopokea mwanga. Ilihitaji kitu cha kuishikilia kwenye tundu la darubini, pale ambapo mtu huweka jicho. Mimi nikakumbuka vile vikopo vyeusi vya filamu, nilivyokuwa navyo mfuko mzima tangu zamani. Tukakata kitako cha kimoja, tukakijaribu. Kikaingia sawasawa kama kilitengenezwa kwa kazi hiyo. Ulipiga kelele mpaka Mama Furaha wa nyumba ya pili akachungulia juu ya ukuta kuuliza nani amezaliwa.

Sasa nikuambie kosa langu la kwanza, lililo dogo. Jioni ile ya kwanza tulimtafuta Jupiter kwa dakika arobaini. Bila mota ya kuizungusha darubini, sayari haikai. Inakatiza kwenye kioo na kwenda zake, na kila kitu kinaonekana kinyume, ukisukuma kulia inakimbilia kushoto. Tulipomkamata alikuwa mviringo mweupe mtupu, kama balbu. Nikasema, "Webcam mbovu." Ukasema, "Papa, tupunguze mwanga, umezidi." Nikakukatiza. Nilikuambia kwamba nilikuwa nikipima mwanga kabla hujazaliwa. Nilipokwenda kunywa maji, ulishusha mwanga kwenye kompyuta kidogo kidogo, na niliporudi ile balbu ilikuwa imepata mistari miwili ya kahawia katikati. Ulisogea tu ili nione.

Kukushukuru sikukushukuru. Nilisema, "Haya, rekodi."

Baada ya hapo tukapata mwendo wetu. Darubini tuliitoa nje saa kumi na moja ipoe, maana ikiwa na joto la nyumba picha inachezacheza kama kitu kilicho chini ya maji. Tuliihamisha kutoka karibu na ukuta kwa sababu ya joto la mabati, na yale mawe meusi ya volkano ya uwanjani tuliyamwagia maji. Mimi nilishika bomba, wewe ulikaa kwenye kigoda na kompyuta mapajani. "Kushoto, Papa. Kidogo. Kidogo! Acha." Sayari inaingia, inakatiza, sekunde kumi na tano, inatoka. Tunaanza tena. Halafu ile programu inachambua vipande vyote, inatupa vilivyotikisika, inapanga vizuri juu ya vizuri mpaka sura inatokea. Na kwa kuwa webcam ilikuwa na maikrofoni, kila rekodi ilitoka na sauti zetu. Tulicheka tulipojisikia mara ya kwanza. Mimi napumua kama mtu anayepandisha mlima.

Ni jioni zile ndipo nilipokujua, Masika. Kabla ya hapo nilikuwa nakulisha na kukulipia shule tu.

Sasa nafika.

Ilikuwa majira ya mvua, ule mwaka ambao mji ulikuwa umejaa watu wenye silaha wa kila aina na hakuna aliyejua nani ni wa nani. Mizinga tuliisikia upande wa Sake. Watu wa Katoyi walikuwa wameanza kufunga milango jua likizama. Mvua ilinyesha mchana, ikakatika, na anga likawa safi namna ambayo hatukuwa tumeiona kwa wiki nyingi. Saturne, ile sayari yenye pete, alikuwa juu. Mama yako alisimama mlangoni akasema, "Papa Masika, leo hapana. Ingizeni vitu ndani."

Nikamjibu, "Nusu saa tu."

Nusu saa ilipita. Ulikuwa umeshapata rekodi sita, na kwenye ya sita, pale kwenye kioo cha kompyuta, kabla hata ya kuichambua, tuliona nafasi nyeusi kati ya pete na mwili wake. Ulinigeukia. Ulikuwa na miaka kumi na sita, na sijaona uso kama ule tena. Ulisema, "Imetosha, Papa, tuingie." Wewe ndiye uliyesema. Mimi nikasema, "Moja ya mwisho." Ukabonyeza, rekodi ikaanza, na geti likasukumwa.

Walikuwa watatu. Tochi yao ilipita kwenye bomba, ikashuka kwenye nyaya, ikatua kwenye uso wako. Yule wa mbele akauliza, "Hii kintu ni ya nani?"

Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye mabati.

"Nauliza, ni ya nani?"

Nikasema, "Ni ya mutoto, chef. Miye sijui kitu."

Ulikuwepo. Ulisikia. Najua ulisikia kwa sababu ulinitazama mara moja, haraka, halafu ukasimama ukasema, "Ndiyo. Ni yangu."

"Unapiga picha ya nini?"

"Ya Saturne."

"Saturne ni nani? Anaishi wapi?"

"Si mutu. Ni sayari. Iko kule juu."

Wakatazama juu, wakatazama kompyuta. Kwenye kioo palikuwa na giza tu, Saturne alikuwa ameshatoka kwenye picha. Mmoja akasema hiyo ni mashine ya kuongoza drone, amewahi kuona moja hivyo hivyo. Wa mbele akafunga kompyuta, akaiweka kwapani, akasema utakwenda kumweleza mkubwa wao pale kwenye poste, kituo chao cha ulinzi. Mama yako akatoka na kitenge cha ndani na sandali, akakushika mkono, akasema, "Mwanangu haendi peke yake." Hawakumkataza. Mimi nikapiga hatua moja. Yule akanigeukia: "Weye baki."

Nikabaki.

Geti lilijifunga nyuma yenu nami nimeshika bomba la darubini kwa mikono miwili, kama mtu aliyeambiwa alishike lisianguke. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Nilijiambia kwamba mtu lazima alinde nyumba. Nilijiambia kwamba mwanaume wangempiga, mtoto wa shule hawatamfanya kitu. Nilijua watoto wa shule wanafanywa nini. Nilijua, Masika, na bado nilibaki.

Mlirudi baada ya saa mbili hivi. Ulikuwa mzima, kompyuta mkononi. Mama yako alisema mkubwa wao alikuwa anakula, akaangalia rekodi moja, akaangalia nyingine, akachoka, akasema mpelekeni mutoto kwao alale. Ulipita mbele yangu ukaingia chumbani. Hukulia. Afadhali ungelia.

Hayo yote unayajua. Haya yanayofuata huyajui.

Mlipolala, wewe na mama yako chumbani kwako, niliichukua kompyuta nikaifungua. Nilitaka kuona kama walikuwa wameharibu kitu. Hawakuharibu. Rekodi zote saba zilikuwepo. Nikafungua ya mwisho. Saturne anaingia upande wa kushoto, anatetemeka, pete zake zimesimama wazi, anakatiza, anatoka. Giza. Na ndani ya lile giza, geti. Sauti ya yule mtu. Maji yakidondoka. Na sauti yangu.

Sikuitambua mara moja. Nilidhani ni ya mmoja wao. Ilikuwa nyembamba, ya haraka, na jibu lenyewe nilikuwa nimelitoa kabla hata hajamaliza kuuliza mara ya pili. Moyoni nilikuwa nimekwisha kujitengenezea namna nyingine, kwamba nilisita, kwamba nilijaribu kueleza, kwamba hawakunisikia vizuri. Kompyuta haikuwa na namna nyingine. Nikaisikiliza tena. Halafu nikaifuta.

Na nilipoifuta hiyo moja niliona kwamba ungeuliza kwa nini ya saba haipo na sita zipo. Nikazifuta zote sita.

Asubuhi ulifungua kompyuta, ukatafuta, ukatafuta tena, ukaja jikoni. "Papa, walifuta Saturne." Nilikuwa na kikombe mdomoni. Ningeweza kusema. Nilisema, "Pole, mama. Watu wale hawana akili."

Umewachukia kwa hilo miaka mitatu. Juzi tu nilikusikia ukimsimulia rafiki yako: walituingilia, wakanipeleka, wakafuta Saturne wangu. Walikuingilia, walikupeleka. Saturne nilimfuta mimi, baba yako, nikiwa nimekaa kitandani na mlango nimeufunga kwa ufunguo.

Uongo huo haukukaa peke yake. Nilihitaji mtu wa kumlaumu zaidi, kwa sababu wale watatu hawakuwa karibu. Nikaamua kwamba Mama Furaha ndiye aliyetuchongea. Si alikuwa akichungulia ukutani? Nikaacha kumsalimia. Miezi minane, tukikutana kwenye bomba la maji, nageuza uso. Mpaka siku moja mama yako aliniuliza nina nini na yule mama, nikamwambia, naye akakaa chini. "Weye hujui? Mama Furaha ndiye alitufuata ile usiku. Alipiga magoti mbele ya wale watu. Alisema anamujua huyu mutoto tangu kuzaliwa, baba yake ni mupiga picha wa Ndosho. Tulirudi naye mpaka hapa kwenye geti."

Nilikwenda kwake siku hiyohiyo. Alikuwa akichambua maharage. Nikamwomba msamaha, nikamuuliza kwa nini hakuniambia kitu miezi yote ile. Hakuinua macho. "Niliona haya, Papa Masika. Si haya yangu. Yako. Ndiyo maana nilinyamaza."

Hata hapo sikukuambia wewe. Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa, nikaiacha ipite.

Darubini ilikaa chini ya kitanda changu zaidi ya mwaka. Uliitoa mwenyewe, siku moja ya kiangazi saa kumi na moja, hukuniuliza. Nilirudi kutoka kazini nikakuta mawe yameshamwagiwa maji. Nilisimama pale mlangoni kama mgeni. Ukasema bila kugeuka, "Papa, shika hapa." Nikashika. Tukafanya kazi mpaka saa moja, ukasema, "Imetosha," na safari hii nilichomoa nyaya kabla hujamaliza neno. Nilidhani hiyo ni kunisamehe, na niliipokea hivyo. Lakini uliisamehe nusu unayoijua. Nusu nyingine nilikuwa nakuibia kila jioni tuliyokaa pale pamoja.

Tangu hapo umepiga Jupiter na miezi yake, umepiga Mars mwekundu kama punje ya mtama, umepiga mashimo ya mwezi mpaka mapadri wa shule wameomba nakala. Saturne hukumpiga tena. Kila ninapotaja jina lake unasema, "Nitampiga siku moja, kule." Pengine ni maneno tu. Mimi kila mara nasikia kwamba hutaki kumpiga ukiwa na mimi.

Kuhusu woga, Masika, nina kidogo cha kukuambia, na ni hiki tu nilichokiona kwangu mwenyewe. Woga haukunijia kama kutetemeka. Ulinijia kama akili. Ulinipa sababu nzuri, zimepangika, kila moja ukiishika ni ya kweli: yeye ni mtoto, hawatamfanya kitu, mtu alinde nyumba. Ningetetemeka tu ningejitambua. Kesho huko njiani, na kule unakokwenda, utaogopa, na sikuambii usiogope. Ila ukijisikia ghafla una sababu nyingi, zimekuja haraka, angalia ni nani amesimama mbele badala yako, na atapatwa na nini kwa sababu hizo.

Nilimwambia mama yako leo mchana. Yote, hata ile ya kufuta. Nilidhani atapiga kelele. Alikuwa akikunja nguo zako. Alikunja sketi mbili kabla ya kujibu.

"Ulidhani mutoto hatajua hata siku moja?"

"Nilidhani nikikaa kimya itaisha."

"Na imeisha?"

"Hapana."

"Basi andika. Na usipambe. Usije ukaandika vile uliogopa sana mpaka yeye ndiye aanze kukufariji."

Nimejaribu kutii. Kama kuna mahali nimejipamba, mama yako atakuonyesha.

Nilifikiria kukutafutia zile rekodi. Mwezi uliopita nilimpelekea kompyuta kijana mmoja wa Ndosho anayefufua vitu vilivyofutwa. Nilimwambia ni picha za harusi ya mteja, ona, hata hapo nilidanganya. Alikaa nayo siku tatu. Alisema diski imeandikwa juu mara nyingi mno, hakuna kilichobaki. Hazitarudi. Pete ulizoziona jioni ile uliziona wewe na mimi tu, na mimi ni shahidi mbaya, lakini nashuhudia: zilikuwepo, zilikuwa wazi, na aliyezikamata ni wewe. Aliyekunyang'anya ni mimi, si wale watu.

Mpango wangu ulikuwa kuificha barua hii katikati ya nguo zako, chini, uikute Kampala wiki ijayo. Nilikuwa nimeshatafuta hata bahasha. Ningekuwa mbali, mpaka wa nchi uko katikati yetu, na ungesoma peke yako katika chumba usichokizoea, halafu ungelazimika kuamua kama utanipigia simu au la, huku mimi nimekaa kwangu. Nimeiona ile sababu, ilivyokuja imepangika: asivurugwe kabla ya safari, alale vizuri, mambo ya barabarani yanatosha.

Nimesikia geti. Mnacheka na mtu, nadhani ni Mama Furaha amewasindikiza. Imebaki robo saa kufika saa mbili, mmewahi.

Masika, sikuombi useme hakuna neno. Kuna neno. Ukitaka kulisema usiku huu, nitalisikiliza lote. Ukitaka kunyamaza mpaka bus iondoke, nitabeba begi lako na kunyamaza na wewe. Bahasha nimeirudisha kwenye droo. Nakupa karatasi hizi mkononi sasa hivi, mlangoni, kabla hujavua viatu, na nitakaa kwenye kiti hiki mbele yako mpaka umalize kusoma.

Papa yako.